Inchi Ishirini na Saba na Robo Tatu

Baba hana shamba. Ana nondo,
futi saba na robo inchi,
aliyokuwa akiilaza kati ya reli na reli
mwaka ule wa hamsini na nane
walipotandika njia kutoka Plymouth hadi Truro.
Kwa nondo hiyo alijenga jiko letu,
ukuta kwa ukuta.
Marehemu Mama alikuwa akisema:
huyu hata akiota, huota kwa kipimo hicho.

Mei ya tisini na mbili likaja agizo.
Uingereza nzima ipite njia moja,
nayo ni ile nyembamba.

Ijumaa usiku likapita gari la mwisho.
Inspekta alishuka na taa
akamwuliza Bwana Hosking wa stesheni
kama limebaki behewa lolote pana huku nyuma,
hata toroli.
Bwana Hosking akatia sahihi kwamba hakuna,
wino ukamdondokea mkononi.
Baba alisimama uani, kofia kifuani,
kama anayesindikiza jeneza la jirani
waliyegombana naye miaka yote.

Jumamosi, kabla ya jogoo,
wakatoka maghalani walikolala, mia kwa mia,
misumeno begani,
na Jago mume wangu kati yao.
Boriti za katikati zikakatwa.
Reli moja ikaachwa palepale.
Ya pili wakaitia mitaimbo,
haya, na tena, haya,
hata ikasogea kwa mwenzake
inchi ishirini na saba na robo tatu.
Mimi na Jenifer Tregunna tulibeba ndoo
za uji mwepesi wa shayiri, wenye sukari.
Pombe ilipigwa marufuku.
Wengine walikunywa uji huku wakiilaani ndoo.

Jumapili nayo hawakupumzika.
Kanisani viti vya wanaume vilikuwa vitupu,
na mhubiri Rosevear, badala ya kukasirika,
akafungua Mathayo:
njia ni pana iendayo upotevuni.
Wanawake tulichekea ndani ya vitabu vya tenzi.
Baba hakucheka.
"Miaka thelathini na minne," akaninong'oneza kwa sauti
iliyosikika hadi mlangoni,
"kumbe nilikuwa nawasafirisha watu motoni?"

Baba ni nusu kiziwi. Husikia kwa nyayo.
Gari pana likija, vikombe vililia kabatini,
na cha kwanza kilikuwa kile cha buluu.
Jumatatu cha buluu kilinyamaza.
Kikalia cha pembeni, kilichovunjika mkono,
ambacho hatukuwahi kukijua sauti.
Baba akainua uso kwenye sahani:
"Nani huyo apitaye na viatu vya mtoto?"

Hakwenda tena kuangalia njia.
Alisikia kwamba vichwa vya treni vimepangwa Swindon,
safu kwa safu, vikingoja kuvunjwa,
akauliza kama wamevifunika.
Ni hilo tu alilouliza kiangazi kizima.

Septemba Jago alileta gazeti.
Reli imefunguliwa, akasoma,
kutoka Yafa hadi Yerusalemu.
"Upana?" akauliza Baba.
"Mita moja."
"Sema kwa lugha ya watu."
"Futi tatu na inchi tatu, na kitu kidogo."
Baba alicheka hadi akashika meza.
"Basi Rosevear hakukosea!
Ukikaribia Yerusalemu, njia yazidi kusonga."

Wakati wa baridi Jago alitaka kuikata nondo
ilingane na njia mpya, imfae kazini.
Akaibana kwenye jiliwa, akaweka msumeno.
Akautazama ukuta huu. Akautazama ukuta ule.
Baba alijifanya amelala.
Jago akalegeza jiliwa, akaenda kulisha kuku.

Sasa imelala juu ya meko, ncha mbili ukutani,
haihitaji hata msumari.
Mvua ikinyesha, naanikia soksi zao:
za aliyetandika, upande huu,
za aliyesogeza, upande ule.
Katikati hubaki nafasi.
Sijaipima.